Kugawanya na baki: maswali ninayoulizwa kila msimu wa mitihani

Ninafundisha hesabu masomo ya jioni hapa Moshi. Wengi wanaokuja ni wa Darasa la Saba, wapo wa Kidato cha Kwanza na cha Pili, na wapo watu wazima wanaojiandaa na mtihani wa maarifa, ile QT. Maswali yao kuhusu kugawanya hujirudia mno, nikaona bora niyaandike mara moja pamoja na majibu. Mengine nimeyajibu kwa mistari miwili. Mengine nimekaa nayo, kwa kuwa ndiko alama zinakopotelea.

Mwanangu anajua kugawanya vizuri kabisa. Mbona mafumbo yenye baki anayakosa?

Mama mmoja akiuliza hivi huwa namwomba daftari la mtoto kwanza, na karibu kila mara hesabu yenyewe iko sawa. Kilichokosewa ni kusoma swali.

Chukua kahawa, maana iko kila upande wa mji huu. Chama cha msingi kina kilo 2,500 za kahawa safi, na gunia la kahawa inayokwenda nje ni la kilo 60. Gawanya 2,500 kwa 60: unapata 41, baki 40. Hesabu imeisha. Lakini angalia inavyoweza kuulizwa:

Magunia mangapi yatajaa? 41.
Magunia mangapi yanahitajika ili kahawa yote iingie? 42.
Kilo ngapi zitabaki baada ya kujaza magunia kamili? 40.
Kilo ngapi ziongezwe ili gunia la mwisho nalo lijae? 20.

Hesabu ni ileile, majibu ni manne, na kwenye mtihani wa kuchagua yote manne yanaweza kupangwa mbele ya mtoto. Mtunzi wa swali hakosi kujua. Mtoto akiona 41 aliyoipata kwa jasho lake ipo kwenye A, anaweka kivuli na kusonga mbele, wala hajui kwamba ameulizwa kitu kingine.

Dawa ninayoitumia ni ndogo na wanafunzi wanaichukia: kabla ya kugusa namba, mtoto aandike pembeni jibu lake litakuwa ni idadi ya nini. "Magunia yaliyojaa." "Kilo za kuongeza." Maneno mawili matatu yanatosha. Anayefanya hivyo kwa wiki chache huacha kukosea maswali ya aina hii, hata kama spidi yake ya kugawanya haijabadilika.

Nitajuaje niongeze moja au nisiongeze?

Angalia kile kilichobaki: je, nacho lazima kipate nafasi?

Wanafunzi 74 wanakwenda ziara Arusha kwa hiace zinazobeba wanafunzi 14 kila moja. 74 gawanya kwa 14 ni 5, baki 4. Hao wanne hawawezi kuachwa stendi, kwa hiyo hiace ni 6. Sasa fundi ana kitambaa cha mita 20, na gauni moja linakula mita 3. 20 gawanya kwa 3 ni 6, baki 2. Gauni ni 6 tu. Mita mbili zilizobaki hazimpi gauni la saba hata afanyeje.

Nimechagua mifano hii makusudi. Wanafunzi wengi huleta hapa kanuni ya kukadiria, ile ya "tano na kuendelea unapandisha". Haihusiki kabisa. Kwenye hiace, baki ya 4 ni chini ya nusu ya 14, na bado tumeongeza. Kwenye kitambaa, baki ya 2 ni zaidi ya nusu ya 3, na bado tumeiacha. Anayeamua ni mazingira ya swali.

Baki inaweza kuwa kubwa kuliko namba inayogawa?

Haiwezi. Wala haiwezi kulingana nayo. Ukigawanya kwa 8, baki ni kuanzia 0 hadi 7, basi. Ukijikuta na baki 9, maana yake 8 ilikuwa bado inaingia mara moja zaidi. Rudi uongeze 1 kwenye jibu na baki iwe 1.

Na kama namba inayogawanywa ndiyo ndogo? Mfano 5 kwa 8?

Jibu ni 0, baki 5. Watoto huona aibu kuandika sifuri. Andika.

Kwa nini sifuri ya katikati inampotea kila mara?

Hapa tukae kidogo, kwa sababu nadhani kosa hili ndilo linaloongoza katika kugawanya kwa njia ndefu. Tugawanye 7,254 kwa 12.

12 haiingii kwenye 7, kwa hiyo tunachukua 72. Kwenye 72 inaingia mara 6, haibaki kitu. Tunashusha 5. Je, 12 inaingia kwenye 5? Haiingii. Hapo ndipo mtoto anaposema "basi nashusha na inayofuata", anashusha 4, anapata 54, anaandika 4 mbele ya ile 6. Jibu lake: 64, baki 6.

Amesahau kwamba kila tarakimu unayoishusha inadai alama yake juu. 12 kwenye 5 inaingia mara 0, na hiyo 0 inaandikwa. Kisha ndipo unashusha 4, unapata 54, inaingia mara 4, baki 6. Jibu ni 604, baki 6.

Mfundishe aseme kwa sauti: nimeshusha, nimeandika. Nimeshusha, nimeandika. Na kabla ya kuanza akadirie: 12 mara 600 ni 7,200, kwa hiyo jibu liko kwenye mia sita na kidogo. Akipata 64 atashtuka mwenyewe.

Nihakiki vipi bila kurudia hesabu yote?

Zidisha jibu kwa namba inayogawa, kisha jumlisha baki. Lazima upate namba uliyoanza nayo. 604 mara 12 ni 7,248. Ongeza 6, ni 7,254. Imekaa.

Ipo na njia ya haraka ya kutumia 9. Jumlisha tarakimu za namba hadi ubaki na tarakimu moja. 9 ihesabu kama 0. 7,254 inatoa 18, nayo inatoa 9, yaani 0. Upande wa pili, 12 inatoa 3, 604 inatoa 10 kisha 1. 3 mara 1 ni 3, ongeza baki 6, ni 9, yaani 0. Pande zote zimelingana. Njia hii inafanya kazi kwa sababu 10, 100, 1,000 na wenzao wote, ukiwagawanya kwa 9, hubakiza 1.

Lakini usiiamini kupita kiasi. Jaribu na lile jibu baya, 64: 6 na 4 ni 10, kisha 1, vilevile kama 604. Kosa la sifuri linapita bila kukamatwa. Na 640 nayo inapita. Ndiyo maana nasisitiza kukadiria kwanza, 9 baadaye.

Nikifuta sifuri pande zote mbili ili kurahisisha, ni sawa?

Jibu la kugawanya ni sawa. Baki siyo. Tafadhali soma hapa taratibu, kwa sababu hata wa sekondari wanaanguka.

5,000 gawanya kwa 700. Unafuta sifuri mbili mbili, unabaki na 50 gawanya kwa 7: ni 7, baki 1. Mtoto anaandika "7 baki 1". Hebu tuhakiki: 7 mara 700 ni 4,900, ongeza 1, ni 4,901. Hatujafika 5,000. Baki sahihi ni 100.

Ulipofuta sifuri mbili uliacha kuhesabu moja moja ukaanza kuhesabu mia mia. 50 ni mia hamsini, 7 ni mia saba, na ile 1 iliyobaki ni mia moja. Zile sifuri ulizofuta lazima uzirudishe kwenye baki.

Kwenye pesa jambo hili linaeleweka haraka zaidi. Vijana saba wamepakua mzigo sokoni Mbuyuni, wamelipwa shilingi 50,000 wagawane sawa. Kwa karatasi ni 7,142 kila mmoja, baki 6. Lakini nani atakupa shilingi 42? Hao wanagawana kwa mia: 50,000 ni mia 500, gawanya kwa 7 ni 71, baki 3. Kila mmoja anachukua 7,100, na inayobaki siyo shilingi 3, ni shilingi 300. Hakuna kijana hata mmoja kati yao atakayekubali kuambiwa imebaki shilingi 3. Darasani tunakubali, ajabu.

74 kwa 4 ni 18 baki 2. Naweza kuandika 18.2?

Hapana. 18.2 ni 18 na sehemu mbili za kumi. Baki 2 hapa ni sehemu mbili za nne, yaani nusu, kwa hiyo kwa desimali ni 18.5. Baki hugeuka desimali baada ya kuigawanya kwa namba inayogawa.

Simu yangu inanipa desimali tu. Baki naipataje?

Chukua ile namba nzima iliyo kabla ya nukta, izidishe kwa namba inayogawa, kisha toa. 5,000 gawanya kwa 700, simu itakuonyesha 7.142857 na kuendelea. Chukua 7, zidisha kwa 700, ni 4,900. 5,000 toa 4,900 ni 100.

Wengine huzidisha zile desimali, 0.142857 mara 700, wanapata 99.9999 wanachanganyikiwa. Njia ya kutoa haina shida hiyo. Ila mtoto wa Darasa la Saba asizoee simu. Kwenye chumba cha mtihani simu na kikokotozi haviingii.

Maswali ya mpangilio unaojirudia, kama rangi au maumbo, nayo ni ya kugawanya?

Ndiyo, na ni ya bure ukishaona siri yake. Akina mama wa Kimasai wanaouza shanga Arusha wanatunga mkufu kwa mpangilio: nyekundu, nyeupe, bluu, kijani, chungwa, kisha nyekundu tena. Ushanga wa 128 ni wa rangi gani? Mpangilio una rangi 5. 128 gawanya kwa 5 ni 25, baki 3. Mizunguko 25 imekamilika, tumeingia shanga tatu kwenye mzunguko mwingine: bluu.

Sasa wa 130. Baki ni 0, na hapo darasa hugawanyika. Wapo wanaosema nyekundu, kwa hoja kwamba sifuri ni mwanzo. Baki 0 maana yake mzunguko umeisha kamili, kwa hiyo uko kwenye rangi ya mwisho: chungwa.

Wa sekondari watakutana na jambo hilohilo kwenye vipeo. Tarakimu ya mwisho ya 7 kwa kipeo cha 50 ni ipi? Tarakimu za mwisho za vipeo vya 7 zinazunguka: 7, 9, 3, 1, kisha 7 tena. 50 gawanya kwa 4 inabaki 2, jibu ni 9. Kipeo kikiwa 48, baki 0, jibu ni ya mwisho kwenye mzunguko: 1.

Na siku za wiki?

Wiki ni mzunguko wa siku 7, kwa hiyo kinachotakiwa ni baki ya kugawanya kwa 7. Mfano ninaoupenda: Tanganyika ilipata Uhuru tarehe 9 Desemba 1961, siku ya Jumamosi. Muungano na Zanzibar ulikuwa tarehe 26 Aprili 1964. Ilikuwa siku gani?

Kutoka 9 Desemba 1961 hadi 9 Desemba 1963 ni siku 730, miaka miwili ya kawaida. Kutoka hapo hadi 9 Januari ni 31, hadi 9 Februari 31, hadi 9 Machi 29 kwa sababu 1964 ulikuwa mwaka mrefu, hadi 9 Aprili 31. Hizo ni 122. Hadi tarehe 26 ongeza 17, ni 139. Jumla 869. Gawanya kwa 7: ni 124, baki 1. Siku moja baada ya Jumamosi ni Jumapili, na kweli ilikuwa Jumapili.

Mtego ni mmoja: siku ya kuanzia haihesabiwi. Mwenye kuhesabu Jumamosi kama siku ya kwanza atapata Jumatatu.

Saa je?

Vilevile, kwa 24. Sasa ni saa 3 asubuhi. Baada ya saa 100 itakuwa saa ngapi? 100 gawanya kwa 24 ni 4, baki 4. Siku nne mbele, saa 7 mchana.

"Tafuta namba ndogo ambayo ukiigawanya kwa 4, 5 na 6 kila mara inabaki 3." Naanzia wapi?

Anza na KDS, yaani Kigawe Kidogo cha Shirika. Namba ndogo inayogawanyika kwa 4, 5 na 6 bila baki ni 60. Unataka ibaki 3, kwa hiyo ongeza 3: ni 63.

Mwanafunzi mmoja mjanja aliniambia, "Mwalimu, mbona hata 3 yenyewe inafaa?" Ana haki yake: 3 kwa 4 ni 0, baki 3. Swali lililotungwa vizuri husema "kubwa kuliko 6" au "yenye tarakimu mbili". Lisiposema, kwenye mitihani yetu linalotarajiwa ni 63.

Kuna ndugu yake mgumu zaidi: ukigawanya kwa 4 inabaki 3, kwa 5 inabaki 4, kwa 6 inabaki 5. Baki ni tofauti, na wengi huacha swali hapo. Angalia tena: kila mara imepungua 1 tu kukamilika. Kwa hiyo ni 60 toa 1, yaani 59.

Na likigeuzwa, "namba kubwa kabisa inayogawanya 127 na 163 na kubakiza 7 kila moja", toa 7 kwanza: 120 na 156. Kisha tafuta KKS yake, yaani Kigawo Kikubwa cha Shirika, ambayo ni 12. Hakikisha 12 ni kubwa kuliko baki ya 7. Ni kubwa, umemaliza.

KKS ya namba kubwa inanichukua muda. Kuna njia ya mkato?

Ipo, ina zaidi ya miaka elfu mbili, inaitwa kwa jina la Mgiriki Euclid, na inatumia baki peke yake. KKS ya 84 na 60: gawanya 84 kwa 60, baki 24. Gawanya 60 kwa 24, baki 12. Gawanya 24 kwa 12, baki 0. Namba iliyogawanya mara ya mwisho, 12, ndiyo KKS. Hakuna kuchambua namba tasa. Kwa namba kama 1,001 na 715 utaona faida yake: 286, 143, 0. KKS ni 143.

Namba hasi zinabaki vipi?

Kwenye hisabati baki haiwi hasi. Negativu 17 gawanya kwa 5 ni negativu 4, baki 3, kwa kuwa 5 mara negativu 4 ni negativu 20, na ukiongeza 3 unafika negativu 17. Wanaosoma kompyuta wajihadhari: lugha ya programu ya Python itakupa 3, lakini lugha za C na Java zitakupa negativu 2. Darasa la Saba ruka hapa, halikuhusu.

Tebo akariri hadi ngapi?

Hadi 12, bila kusitasita, na kwa kurukaruka. Anayelazimika kuanzia mbili moja mbili ili afike mbili saba kumi na nne bado hajakariri.

Una maswali ya kujipima?

Haya hapa. Fanya kwanza, majibu yako chini.

1. Parachichi 1,345 zinapakiwa kwenye maboksi ya 24. Ziongezwe ngapi ili boksi la mwisho lijae?
2. Namba fulani ukiigawanya kwa 17 unapata 23, baki 9. Ni namba gani?
3. Leo ni Jumatano. Baada ya siku 200 itakuwa siku gani?
4. Kilele cha Kilimanjaro kina mita 5,895. Bila kugawanya, sema baki ukigawanya kwa 9.
5. 75,000 gawanya kwa 8,000. Baki ni ngapi?
6. Namba fulani ikigawanywa kwa 15 inabaki 11. Ikigawanywa kwa 5 itabaki ngapi?

Majibu: (1) 23, kwa kuwa yanajaa maboksi 56 na kubaki parachichi 1. (2) 400. (3) Jumapili, baki ni 4. (4) 0, kwa kuwa 5, 8, 9 na 5 ni 27. (5) 3,000; kama umeandika 3, rudi kwenye swali la kufuta sifuri. (6) 1. Zile 15 zote zinagawanyika kwa 5, kwa hiyo shughulika na 11 peke yake.